Kwa Nini Nilikuwa Nikisimama Mtaroni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na nyinyi mlioketi mbele, na asifiwe zaidi na nyinyi mlioketi kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, kwa maana benchi hilo nalijua vizuri. Mwaka huu nimelikalia kuliko mtu yeyote wa kanisa hili.

Jina langu mnalijua. Mimi ni Mama Ooko, msusi, na kibanda changu kiko hapa Nyalenda karibu na mfereji wa maji. Wengi wenu nimewahi kuwashika kichwa. Leo nimeomba nafasi kwa Mchungaji kwa sababu nimesikia kuna swali linazunguka. Mnaulizana kwa nini kila Jumapili, tukitoka nje kusalimiana, Mama Ooko anateremka anasimama ndani ya mtaro wa maji machafu. Wengine wamesema ni unyenyekevu. Mama Atieno hata alishuka akasimama nami, akachafua viatu vyake vyeupe, akaniambia kwamba na yeye anajishusha mbele za Bwana. Mama Atieno, nisamehe. Haukuwa unyenyekevu. Nitawaambia ulikuwa nini, lakini lazima nianzie mbali kidogo.

Ndugu zangu, kabla ya haya yote mimi nilikuwa na mikono miwili kama nyinyi na sikuwahi kuifikiria. Asubuhi nachota maji, nafungua kibanda, mteja anakaa kwenye kigoda, nami nasimama nyuma yake nasuka mpaka jua linageuka upande wa ziwa. Ukisuka, mikono yako inakaa juu siku nzima. Watu wanasifu matuta ya nywele yakinyooka, hakuna anayesifu mikono iliyokaa juu. Hata mimi mwenyewe sikujua kwamba kulikuwa na kitu nilichokuwa nikiinua.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha, na pale mferejini palikuwa na lile tope jeusi letu, likishika kiatu halirudishi. Mkono wa kushoto ulikuwa na mtungi uliojaa. Mguu ukateleza. Nikaudaka mti wa ua uliozunguka mfereji kwa mkono wa kulia ili nisianguke. Mti ulibaki palepale, mimi nikaenda na mtungi wangu, na ndani ya bega kitu kikalia pwa.

Sikupiga kelele. Cha kwanza nilichofanya, nilijiuliza ni kitu gani hicho kimelia. Ndivyo nilivyoumbwa. Mama aliyenizaa kule Muhoroni alikuwa akisema huyu mtoto akifika mbinguni, kabla hajaonyeshwa makao yake, atamshika malaika amwulize mabawa yamefungwa na nini. Maumivu yalikuja baadaye kidogo, na yalipokuja niliacha kuuliza maswali kwa muda.

Hospitalini daktari alinieleza kwamba kano za bega zimechanika, zimeachana na mfupa, na hakuna dawa ya kupaka itakayozirudisha. Lazima wapasue, wazishone, wazifunge tena pale zilipotoka. Nikamwuliza wanazifunga na nini. Akasema na uzi, na vitu vidogo kama misumari. Nikamwuliza uzi wa rangi gani. Akacheka, akasema, "Mama, nimepasua mabega mengi, na hilo swali ni mpya." Mpaka leo hajanijibu.

Halafu nikamwuliza swali lenyewe. Nikasema, "Daktari, nitasuka tena?"

Hapo hakucheka. Alisema upasuaji ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni mazoezi, na nusu hiyo ya pili ni ndefu na inaenda polepole. Alisema kuna watu ambao mkono wao hurudi wote, na kuna watu ambao mkono huishia kifuani. Kifuani, ndugu zangu! Sijawahi kuona mtu anayesukwa kifuani. Nilitoka pale nikijua jambo moja tu: mkono huu ukifika kichwani mwa mtu, nina kazi, na usipofika, sijui mimi ni nani.

Bwana alinivusha chumba cha upasuaji. Nililala, nikaamka, mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa kinachopita shingoni, na nikakaa hivyo majuma mengi. Mume wangu, Baba Ooko, ni dereva wa trekta ya miwa kule Muhoroni, lakini kila alipopata nafasi alikuja nyumbani akanipikia na kunifunga kitambaa cha kichwa. Alikifunga vibaya. Nilionekana kama mtu aliyetoka vitani. Lakini alikifunga, na simjui mwanamume mwingine hapa mtaani ambaye angejaribu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo shida yangu ilipoanzia. Nilipokaa nyumbani bila kazi, ile tabia yangu ya kuuliza ikaamka. Nilitaka kujua bega limetengenezwa namna gani. Siku moja nikamwambia Baba Ooko aninunulie mguu wa mbele wa mbuzi, mzima, asikubali ukatwe na panga. Aliuleta, nikauweka kwenye sinia, nikaanza kulipekua lile bega kwa mkono wa kushoto, nikilikunja, nikilizungusha, nikichungulia ndani. Watoto walikuwa na njaa. Sufuria ilikuwa inachemka bure.

Baba Ooko akasimama mlangoni. "Sasa wewe, unapika ama unasoma?"

Nikamwambia, "Kwanza nasoma."

Na nilichosoma kilinishangaza. Kichwa cha ule mfupa ni kikubwa, na kikombe kinachokishika ni kidogo na hakina kina. Kile kichwa kimekaa pale kama yai kwenye kijiko. Kinachokizuia kisianguke ni zile kano nyeupe tu zinazokizunguka. Nilimsifu Mungu kwa sauti hapo jikoni, nikashangaa sana kwamba tunabeba mitungi, tunalima, tunanyanyua watoto, na yote hayo yananing'inia kwenye nyuzi chache namna hiyo. Tulimla yule mbuzi. Lakini tangu siku hiyo niliogopa. Kabla sijaliona nilikuwa na bega linalouma tu. Baada ya kuliona nilikuwa na yai kwenye kijiko, na ni nani atatembea na yai kwenye kijiko bila kulikazia macho?

Kitambaa cha shingoni kikatolewa. Nikaanza kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi, binti mmoja anaitwa Wanjiru, wa kutoka upande wa mlima, lakini amekaa Kisumu mpaka anasema "mos", yaani polepole, kwa mgonjwa kama mtu aliyezaliwa hapa. Alinifundisha mazoezi mawili. La kwanza, nishike kiwiko cha mkono mgonjwa kwa mkono mzima, niupandishe taratibu, ule mzima ukibeba uzito. La pili, nisimame mbele ya ukuta, vidole vitambae kwenda juu kama buibui, na pale vitakapoishia nitie alama ya chaki. Mazoezi rahisi. Mtoto angeyafanya.

Jumapili ile ya kwanza nilikuja kanisani nikiwa na furaha. Mnajua desturi yetu. Wimbo wa mwisho ukianza, Mchungaji anatoka kwanza, anasimama mlangoni. Anayemfuata anamsalimia kwa mkono, anasimama kando yake. Wa tatu anawasalimia wote wawili, anasimama. Mstari unarefuka, unashuka ngazi, unazunguka uwanja, mpaka kila mtu amemsalimia kila mtu na hakuna aliyebaki. Nilifika kwa Mzee Odhiambo, mzee wetu wa kanisa. Akafurahi kuniona. Akaudaka mkono wangu, akautikisa namna sisi watu wa huku tunavyotikisa mkono wa mtu tuliyemkosa siku nyingi, juu chini, juu chini, na kuuvuta kidogo kwake.

Mzee Odhiambo, usijifiche nyuma ya mke wako, nilikusamehe zamani. Ilikuwa mapenzi. Lakini ndugu zangu, niliona nyota mchana. Nilishika ukuta. Moyoni nilisema yai limeanguka.

Halikuwa limeanguka. Wanjiru alilipima akasema kano ziko salama, hofu tu imeingia. Lakini tangu siku hiyo sikumpa mtu mkono. Nilihamia benchi la mwisho, na wimbo wa mwisho ulipoanza mimi nilikuwa nimeshafika njia panda. Sokoni nilipita nyuma ya vibanda ili nisikutane na wanaonijua. Mtu akinyoosha mkono, mimi naangalia simu. Mlidhani nimekuwa na kiburi, na wengine mlisema hivyo. Sikuwalaumu.

Nyumbani nilifanya mazoezi kila siku, sikukosa. Na alama ya chaki ilikaa palepale. Nilisimama mbele ya ukuta, vidole vikapanda kidogo, na mara bega lenyewe likajikaza, likapanda karibu na sikio, likagoma. Baba Ooko alinitazama akasema, "Ukisimama hapo unafanya uso ya mtu anangoja kuchapwa." Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli.

Wanjiru naye aliona. Siku moja aliushika mkono wangu, akaujaribu huku na huku. Halafu akasema, "Mama Ooko, hii bega imeanza kuganda. Ilishonwa sawa, shida si hiyo. Unaichunga sana. Ukiendelea kuifungia hivi itabaki hapa." Akaweka kiganja chake kifuani mwangu, palepale daktari alipotaja.

Nikamwuliza, "Na kusuka?"

Akasema, "Kusuka utasahau, Mama."

Ndugu zangu, nililia siku hiyo. Nilifungua kibanda changu kilichokuwa kimefungwa, nikakaa kwenye kigoda cha wateja, nikazungumza na Bwana. Sikuomba vizuri, niliuliza. Nilisema, Bwana, wengine unawainua siku moja, tunawaona hapa mbele wanaruka. Mimi kwa nini unanipeleka polepole hivi? Kuna kitu unatafuta humu ndani ya bega? Kama kipo, nionyeshe, maana unanijua, siwezi kukaa bila kujua. Nilifunga mlango nikaenda zangu.

Baada ya hapo mama mkwe wangu, Mama Dorina, akaja kutoka Awasi kuniona. Alikuja na kuku kwapani na viazi vitamu kwenye mfuko, na Jumapili tukaja naye kanisani. Nikampeleka benchi langu la mwisho. Akashangaa kidogo lakini akakaa. Wimbo wa mwisho ulipoanza nikainuka polepole nitoroke kama kawaida. Akanishika sketi.

"Unaenda wapi, nyathina, mtoto wangu? Watu haijasalimiana."

"Mama, ni mkono."

"Mkono imefanya nini? Utasalimia watu mos mos." Na hakuiachilia ile sketi.

Basi nikatoka naye. Fikirieni hali yangu. Mbele yangu kuna Mchungaji na wazee wote wa kanisa. Nyuma yangu kuna mama mkwe. Kumpa mzee mkono wa kushoto mbele ya Mama Dorina, heri nirudishwe chumba cha upasuaji. Kuacha kusalimia siwezi. Kwa hiyo nilifanya kile ambacho sisi sote tulifundishwa tukiwa wadogo, kwamba ukimsalimia mkubwa wako, mkono wako wa kushoto unaushika ule wa kulia, pale kwenye kiwiko, kuonyesha heshima. Niliweka mkono wa kushoto chini ya kiwiko cha kulia, nikaunyanyua, nikampa Mchungaji.

Mkono ukaenda.

Nikampa anayefuata, ukaenda. Nikampa mama mmoja ambaye binti yake alikuwa amejifungua, nikamwuliza mtoto anaendeleaje, ukaenda. Nilifika kwa Mzee Odhiambo, yeye akanishika kwa vidole viwili huku jasho linamtoka, nikacheka mpaka nikasahau kuogopa. Mama Dorina alikuwa nyuma yangu, akitoa salamu yetu, "misawa, misawa," kwa kila mtu, akinisukuma mgongoni nisogee. Tulisalimia kanisa zima. Na tulipofika mwisho wa mstari nikagundua kwamba mkono wangu wa kulia ulikuwa shavuni, unapangusa jasho. Sikuutuma. Niliusimamisha palepale nikautazama, na ulipojua unatazamwa ukashuka.

Mnanijua. Sikulala vizuri mpaka nimwone Wanjiru. Nilimwonyesha jinsi nilivyosalimia, kushoto chini ya kiwiko, kulia mbele. Alinitazama, kisha akaketi kwenye kile kitanda cha wagonjwa akaanza kucheka.

"Mama, si hii ndiyo zoezi nimekuwa nikikupea?"

Na ilikuwa ile ile, ndugu zangu! Mkono mzima ukibeba kiwiko cha ule mgonjwa. Zoezi la kwanza. Nililifanya nyumbani mpaka nikalichukia, kumbe ni salamu niliyofundishwa na mama yangu kabla sijajua kusoma. Nikamwuliza, basi kwa nini nyumbani linagoma na kanisani linakubali?

Akasema, "Nyumbani unaangalia bega. Huko ulikuwa unaangalia watu."

Nimelifikiria jibu hilo sana na bado nalifikiria. Lakini siku hiyo nilikuwa na swali lingine la haraka. Nilimwambia, salamu inafika tumboni tu, labda kifuani kwa mtu mrefu. Mimi nataka kufika kichwani. Akasema, "Basi tafuta watu warefu." Nikamwambia sisi watu wa ziwa ni warefu, lakini kanisa letu Mwenyezi Mungu amelijaza watu wafupi. Tukafikiri pamoja, mimi na yeye. Ndipo nikakumbuka mtaro.

Mtaro wetu, mnaujua, unapita chini ya ngazi, kando ya njia ambayo mstari wote lazima upite. Ukisimama ndani yake, kila mtu anayepita ni mrefu. Mzee Odhiambo akipita ni kama amepanda paa. Ili kumsalimia yeyote, mkono wako lazima upande. Wanjiru alinipa masharti: mkono wa kushoto usitoke, mtu asinivute, nikichoka nitoke. Jumapili iliyofuata nikateremka mtaroni. Sasa mmejua.

Mvua iliponyesha nilivaa gambuti za Baba Ooko. Mlipita mmoja mmoja, mkainama kidogo kwa heshima, na mimi nikawaambia msiiname, mkadhani ni unyenyekevu zaidi. Kumbe mkiinama mnaniibia zoezi.

Lakini msidhani ilikuwa rahisi, maana nimesimama hapa kusema kweli. Kuna Jumapili mkono ulipanda mpaka nikawa naona kilemba cha mtu kupitia juu ya vidole vyangu. Jumapili iliyofuata ukakataa kabisa, ukawa mzito, ukauma mpaka shingoni, nikatoka mtaroni kabla watu hawajaisha. Siku hizo nilirudi kwa Bwana na swali lile lile. Mama Dorina alirudi Awasi, akapanda viazi vitamu, vikakua, akavileta tukavila, na mkono ulikuwa bado haujapita pua. Niliona watu niliokuwa nikiwasuka wakipita na vichwa vilivyosukwa na wengine, na nikiwaona nilihesabu matuta kwa macho na moyo uliniuma kuliko bega. Sijui kama mnaelewa. Kichwa cha mtu uliyemsuka miaka mingi unakijua, unajua pale nywele zinapokataa, na sasa kiko mikononi mwa mwingine.

Hata hivyo kitu kimoja kilikuwa kinabadilika, na mwanzoni sikukiona kwa sababu nilikuwa nakitafuta begani. Nilianza kuwajua. Miaka yote nimekuwa nikiona visogo vyenu, ndugu zangu. Ndiyo kazi yangu. Sasa kila Jumapili nilikuwa naona nyuso zenu kutoka chini. Nilijua nani mkono wake ni baridi kwa sababu hajala. Nilijua nani ana ngozi iliyochubuka kwa sabuni za kufulia watu. Nilimjua mzee mmoja, sitamtaja, ambaye naye huushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, na si heshima, mkono unatetemeka. Nilijiuliza ni wangapi tunaoshika viwiko vyetu hivi, na hakuna anayejua ni kwa nini.

Halafu ikaja Jumapili ile Wanjiru alipokuja kanisani kwetu. Yeye husali kwingine, lakini alisema amechoka kusikia habari za mtaro bila kuuona. Wakati wa kutoka alijipanga kwenye mstari kama mgeni yeyote. Alipofika juu yangu alisimama ukingoni, akanyoosha mkono wake, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, toa hiyo ya kushoto."

Nikamwambia haifai, ni kukosa heshima.

"Mimi ni mtoto kwako. Kwa mtoto hakuna makosa. Toa."

Ni kweli, kwa mtoto hakuna haja ya kushika kiwiko. Nilimtazama usoni. Nilitamani kuliangalia bega, ndugu zangu, Bwana anajua jinsi nilivyotamani, lakini nikabaki nimemtazama yeye usoni, ana kovu dogo juu ya nyusi ambalo sikuwahi kuliona. Nikatoa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ukakaa hewani peke yake. Ukapanda kumfikia. Akaushika, hakuuvuta, akaushikilia tu pale juu, na watu nyuma yake wakasubiri bila kujua wanasubiri nini. Kwaya ilikuwa bado inaimba. Nililia nikiwa nimesimama kwenye maji machafu, na sikuona haya.

Siku chache baadaye nilifungua kibanda. Mteja wa kwanza alikuwa Wanjiru. Alikaa kwenye kile kigoda nilichokalia siku ile nilipomuuliza Bwana, akafungua nywele, akasema nisuke matuta ya kurudi nyuma, yasiwe mengi. Nilianza asubuhi. Nilisuka, nikapumzika, nikasuka, nikapumzika. Baba Ooko alileta chai mara nyingi kuliko tulivyoweza kunywa. Tuta la mwisho, lile la katikati linalopita utosini, mkono ulikuwa umechoka na likapinda. Nilitaka kulifumua. Akakataa. Alikwenda nalo kazini vile vile, na mgonjwa akimuuliza ni nani huyo aliyekusuka hivyo, anamwambia ni mgonjwa wangu. Nafikiri ndiyo sababu wagonjwa wake sasa wanafanya mazoezi.

Ndugu zangu, huo ndio ushuhuda wangu. Mkono haujapona wote. Siku nzuri mkono huu unafika juu ya kichwa, siku mbaya unaishia sikioni, na kukiwa na baridi ya mvua unanikumbusha mti wa ua. Ninasuka wateja wachache kwa siku, na mteja wangu siku hizi anakaa kwenye mkeka, mimi nakaa kwenye kigoda nyuma yake. Lakini ninasuka! Bwana ametenda, na ametenda polepole, na mimi niliyemlalamikia kwa upole wake huo leo namshukuru kwa huo huo.

Namshukuru daktari na uzi wake wa rangi nisiyoijua. Namshukuru Wanjiru. Namshukuru Baba Ooko kwa vitambaa vya kichwa na kwa yule mbuzi. Namshukuru Mama Dorina aliyeshika sketi yangu. Yuko pale, amekuja leo, msimwangalie, hapendi kuangaliwa. Na nawashukuru nyinyi nyote, kwa sababu kila Jumapili mliniinulia mkono huu na hamkujua mnafanya hivyo. Nilimwomba Bwana ashushe mkono wake aniguse. Niliusubiri sana kutoka juu. Siku hizi najiuliza kama haukuwa ukishuka pale mtaroni kila juma, mkono mmoja baada ya mwingine, wenye pete, wenye sugu, wenye harufu ya samaki na sabuni. Sijapata jibu kamili. Nitaendelea kuuliza.

Na wewe uliyeketi kwenye benchi langu, karibu na mlango, ambaye tayari unaangalia pa kupitia wimbo wa mwisho ukianza, sitakutaja jina. Sijui ni kitu gani unachokichunga. Labda si bega. Nakuomba leo usitoroke. Mwamini Bwana kiasi cha salamu moja tu, halafu utaona kama ya pili itakushinda.

Mkinisalimia leo mtaona mkono wangu wa kushoto bado uko chini ya kiwiko. Ulikaa pale siku nyingi kwa sababu ule wa kulia haukuweza. Leo uko pale kwa sababu nawaheshimu. Na leo sishuki mtaroni. Nitasimama juu, kwenye ngazi. Mtaro uko wazi kwa atakayeuhitaji, na ukisimama humo, nyoosha mkono wako kwangu polepole kadiri unavyoweza. Sitainama. Nitakungoja mpaka unifikie.